Neno Lisilosemwa Wodini

Kila asubuhi sufuria ndogo ilitakiwa iwe jikoni kabla ya chai ya mtu yeyote. Hiyo ilikuwa sheria ya mama. Ndani ya sufuria hiyo iliwekwa chupa ya Bosi pamoja na kifuniko chake na chuchu yake ya mpira, maji yakamiminwa mpaka vyote vizame, kisha mtu akasimama hapo hapo kungoja maji yatokote. Si yatoe mvuke tu. Yatokote, yarukeruke, na yaendelee kurukaruka kwa muda. Na mtu huyo wa kusimama, siku zote, alikuwa Pilipili.

Bosi alikuwa mdogo wake, kitoto ambacho meno yake mawili ya kwanza ndiyo yalikuwa yanachomoza. Walimwita jina hilo kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ikimtumikia. Mama alikuwa amerudi kiwandani kushona sare, baba alikuwa dereva wa lori na nyumbani alikuja kama mgeni, na bibi ndiye aliyeshinda na mtoto. Bibi alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kuona. Macho yake yalikuwa na ukungu, hivyo hakuweza kujua kama maji yametokota au la. Aliuliza tu: "Mjukuu wangu, umechemsha?" Naye Pilipili alijibu: "Nimechemsha, bibi."

Pilipili alipachikwa jina hilo kwa ajili ya hasira zake. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini akinuna, hata paka wa jirani alibadili njia. Na siku zile alikuwa amenuna kweli kweli. Shuleni, kabla ya kengele, wasichana waliruka kamba. Aliyewahi aliruka. Aliyechelewa alishikishwa ncha ya kamba akazungusha mpaka mkono ukafa ganzi, huku akiwatazama wenzake wakipaa. Hakuna darasani aliyemshinda Pilipili kwa kuruka, lakini kwa sababu ya chupa ya Bosi alikuwa amegeuzwa mzungusha kamba.

"Mtoto ni wa mama, kazi ni yangu," alinung'unika asubuhi moja, akiikodolea macho sufuria. Maji yalikuwa yametulia tuli kana kwamba yanamkomoa. Akalizima jiko. Akaisuuza chupa bombani, akaipitisha chuchu kwenye yale maji ya uvuguvugu, akaikung'uta na kuifunga.

"Umechemsha?" bibi aliuliza.

"Nimechemsha, bibi."

Siku hiyo aliruka kamba mpaka kengele ikalia. Bosi naye hakupatwa na kitu. Basi kesho yake akafanya vivyo hivyo, na keshokutwa, na mwishowe hata jiko hakuliwasha. Uongo wa kwanza ukipita bila kukwaruza, wa pili hujipitia wenyewe.

Hapo pana jambo la kuchekesha, ingawa mwisho wake haukuchekesha. Darasani kwao, mtu akikosea hesabu ubaoni, wenzake walimzomea kwa pamoja, "Umechemsha," yaani umeboronga, umeharibu. Pilipili hakuwahi kuzomewa hivyo, maana hesabu alikuwa anaziweza. Lakini kila asubuhi alikuwa akilisema neno hilo kwa mdomo wake mwenyewe, na kwa maana hiyo ya darasani, wala hakuwa anadanganya.

Bosi alianza kuharisha siku ambayo shule ilikuwa imefungwa. Kila alichonyweshwa alikitapika. Bibi alisema ni meno, jirani akasema ni meno, na mama, kwa kutaka iwe hivyo, akakubali kuwa ni meno. Asubuhi iliyofuata mtoto alikuwa analia bila machozi na bila sauti. Bibi alimpapasa utosini, akahisi umebonyea. Akasema kwa sauti ambayo Pilipili hakuwahi kuisikia: "Mwenye miguu akimbie."

Mama alikimbia na mtoto kifuani, Pilipili nyuma yake na kapu la vitu vya mtoto.

Wodi ya watoto ilikuwa mwisho kabisa wa hospitali. Mlangoni palikuwa na karai, sabuni na ndoo yenye koki, na hapakuwa na mtu aliyepita bila kunawa, hata awe nani. Ndani, kwenye kona, sufuria kubwa ajabu ilikuwa inatokota juu ya jiko, na sauti yake ilisikika wodi nzima. Daktari wa watoto alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, mwenye koti jeupe lililotiwa viraka viwikoni. Nyuma yake watu walimwita Daktari Mkali. Mbele yake walimwita Daktari tu.

Alilifinya tumbo la Bosi kwa vidole viwili akaachia. Ngozi ikabaki imejikunja, hairudi.

"Mmekaa naye nyumbani mkingoja nini?"

"Tulidhani ni meno, Daktari," mama alisema.

"Meno." Daktari alilitamka neno kana kwamba limemng'ata ulimi. "Meno hayaharishi mtoto, mama. Mtoto huyu amekaukiwa maji mwilini. Mngechelewa kidogo tu, mngekuja kuchukua cheti cha kuzikia. Nesi, dripu, haraka."

Baada ya dripu kuanza kudondoka, Daktari aligeuka. "Anakunywa nini?"

"Maziwa ya ng'ombe. Muuza maziwa wa mtaani kwetu anayachemsha mwenyewe, anatuletea yakiwa ya moto. Mtoto anakunywa kwa chupa."

"Na chupa?"

"Inachemshwa kila siku. Anachemsha binti yangu huyu." Mama akamgeukia Pilipili. "Si umechemsha, mwanangu?"

"Usimuulize hivyo," Daktari alimkata kauli. "Katika wodi hii neno 'nimechemsha' halisemwi. Linaonyeshwa. Kila mama uliyemkuta hapa analia alikuja na neno hilo mdomoni."

Pilipili alihisi damu ikimpanda kichwani. Kulikuwa na hofu katika damu hiyo, lakini alichokitoa nje kilikuwa hasira.

"Nimechemsha," akasema kwa ukali. "Kila siku nachemsha. Kwani naonekana mchafu?"

"Shika adabu," mama alimwonya.

"Mwache," Daktari alisema. "Mimi siamini mdomo, hata wangu mwenyewe. Naamini kisahani. Leteni hiyo chupa jinsi ilivyo, na maziwa yaliyobaki ambayo hayajatiwa ndani yake."

Vyote vilikuwa kapuni. Nesi alisugua kijiti cha pamba ndani ya chuchu, akakipaka juu ya kisahani cha kioo chenye mchuzi wa nyama ulioganda. Akafanya hivyo kwa kifuniko, kwa chupa na kwa maziwa, kila kimoja na kisahani chake. Daktari akaeleza kuwa vijidudu ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Lakini ukivipa chakula na joto vinazaana, na vikishazaana vinaonekana. "Kesho vitasema vyenyewe," akamaliza.

Kama chupa ilichemshwa, basi ubaya uko kwenye maziwa. Ndivyo mama alivyopiga hesabu njiani, aliporudi nyumbani na Pilipili kuchukua nguo, na mama yeyote angeipiga hivyo. Kwa bahati mbaya walipoingia mtaani, muuza maziwa alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye baiskeli yake. Alikuwa mtu mcheshi. Kila alipompimia Pilipili maziwa, alifunga dumu, akajifanya amesahau kitu, akalifungua tena na kumwongezea kidogo. "Hiyo ya chai yako," alizoea kusema.

Mama aliushika usukani wa baiskeli. "Mwanangu yuko kwenye dripu. Umeyatia nini maziwa yako?"

"Pole, Mama Pilipili. Mtoto ana nini?"

"Unayaongeza maji ya mtaroni, halafu unaniuliza ana nini."

Watu walijaa kufumba na kufumbua, na kila mmoja alikuja na hasira yake kutoka alikotoka. Mmoja alimshika shati likachanika begani. Mwingine alipiga dumu teke, kifuniko kikafyatuka, na maziwa yote yakatiririka barabarani mpaka kwenye viatu vya Pilipili.

"Jamani, mwanangu wa mwisho amekunywa maziwa ya dumu hili hili asubuhi," muuza maziwa alisema. "Mimi nimnyweshe mwanangu sumu?" Hakuna aliyemsikiliza. Akatupa macho huku na huku mpaka yakamwangukia Pilipili. "Pilipili, mwanangu, waambie. Wewe ndiye unayapokea kila siku. Umewahi kuyaona yana walakini?"

Sentensi moja tu ingetosha. Pilipili aliijua. Akainamisha macho, akayatazama maziwa yakiingia kwenye vumbi. Muuza maziwa aliokota dumu lake tupu, akaisukuma baiskeli, akaondoka bila kumwangalia tena mtu yeyote.

Siku hiyo Pilipili alimkasirikia kila mtu. Alimkasirikia mama kwa kumpa kazi ile, na Bosi kwa kuzaliwa, na watu wa mtaa kwa ujinga wao. Lakini kuliko wote alimkasirikia Daktari na visahani vyake. Mdomo wake mwenyewe alikuwa anaweza kuufunga. Kisahani hakufahamu kinafungwaje.

Kesho yake alitumwa kumpelekea mama chai wodini. Bosi alikuwa amelala, dripu bado mkononi, na mama alikuwa amesinzia kitini. Nesi alikuwa upande wa pili. Pilipili akanyata mpaka mwisho wa ukumbi, akasukuma mlango wa chumba cha Daktari.

Kilikuwa chumba chembamba, chenye dirisha moja, na kwenye kona zake bado ulibaki unyasi unyasi wa mafagio ya zamani. Mezani palikuwa na hadubini, na kando yake visahani vilivyotoka kwenye kabati la joto. Kila kimoja kilibandikwa karatasi. Cha maziwa kilikuwa kitupu, safi kama kilivyowekwa. Cha chuchu kilikuwa kimejaa madoa ya mviringo, ya rangi ya krimu, yamebanana mengine yakipandana, hayana hata pa kupumulia. Hicho ndicho mdogo wake alichokuwa akikinyonya.

Akakichukua, akainua sweta lake ili akifiche.

"Ukikidondosha hicho, utalala kitanda cha jirani na mdogo wako. Kiweke mezani."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Pilipili akakiweka. Akaamriwa kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akanawa, akaamriwa kurudia, akarudia. Muda wote huo Daktari hakupaza sauti, na hilo lilitisha kuliko kufokewa.

"Ulitaka kukitupa."

"Ndiyo, Daktari."

"Ungetupa kisahani. Na chuchu je? Mdogo wako angerudi nyumbani, ungempa chuchu ile ile, na safari hii huenda msingefika hapa kwa wakati. Huyo naye ungemtupa wapi?"

Pilipili alilia, lakini kilio chake kilikuwa cha hasira, cha kugonga miguu chini. "Naichukia ile sufuria. Kila siku ni mimi tu. Wenzangu wanaruka kamba, mimi nasimama kuangalia maji. Nimechoka kuwa mimi."

Alitegemea kofi. Daktari alivuta kigoda akaketi.

"Unajua kwa nini wananiita Daktari Mkali?"

Pilipili alishtuka kuwa kumbe analijua jina lenyewe.

"Nilipoanza kazi hapa nilikuwa kijana, na daktari wa kike nilikuwa peke yangu. Ukifika msimu wa joto wodi hii ilijaa mpaka watoto wakalazwa wawili wawili. Akifa mmoja, wakubwa zangu waliandika kilichomuua ni joto. Mwingine, meno. Mwingine, uzembe wa mama yake. Mimi nikajiuliza, kama ni joto, mbona wanaonyonya kwa mama zao, kwenye joto hili hili, hawafi? Nikaenda kwa daktari mkuu wa wakati huo kuomba chumba cha kupimia vijidudu. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, mama, wewe bembeleza watoto, vijidudu tuachie sisi. Mwisho akanipa chumba cha mafagio. Ndicho hiki."

"Ukamtukana?" Pilipili aliuliza, akisahau kulia.

"Matusi nilikuwa nayo, na yalikuwa mazuri. Sikuyatumia. Nilichukua kila chupa iliyomnywesha mtoto katika wodi hii, nikavikuza vilivyomo. Miaka. Nilinuka mchuzi uliochacha mpaka dada yangu akanitengea kiti changu uani. Siku moja nikavipanga visahani juu ya meza ya daktari mkuu, pembeni ya kikombe chake cha chai. Akafoka niondoe uchafu wangu. Nikamwambia, mzee, uchafu huu si wangu, wala si wa akina mama. Umetoka kwenye chupa za wodi yako, zile mnazosema mmechemsha. Kesho yake ile sufuria kubwa ikaletwa, na tangu hapo kila kukicha inatokota."

Akainuka, akavirudisha visahani kwenye kabati.

"Nesi anakaa mtaani kwenu. Ameniambia yaliyompata muuza maziwa jana. Kisahani chake ni cheupe, umekiona. Naweza kwenda kumwambia mama yako sasa hivi, yakaisha. Lakini hapo kitakuwa kimesema kisahani. Nimekwambia siamini mdomo. Leo nataka niuamini mmoja."

Pilipili alitembea mpaka kitandani kwa Bosi. Mama alikuwa ameamka. Aliyasema yote akiwa amesimama, bila kupumzika katikati, maana alijua akipumzika hataendelea. Mama akanyanyuka, na mkono wake ukanyanyuka naye. Haukushuka. Aliutazama ule mkono, ndio uliokuwa umeushika usukani wa baiskeli jana, akauweka kwenye paja na kuketi tena.

"Twende," akasema mwishowe. "Nesi atamwangalia mdogo wako."

Muuza maziwa alikuwa mahali pake pa siku zote, na dumu lililojaa, na hakuna mteja. Mama aliwaita waliokuwepo jana mmoja mmoja, hata waliojifanya wana haraka. Pilipili akasukumwa mbele.

"Nimechemsha," alianza.

Watu wakatazamana. Hawakuelewa.

"Sikuwa nachemsha chupa ya Bosi. Nilikuwa nasema nimechemsha, kumbe nimechemsha." Mtoto mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza. "Vijidudu vilikuwa kwenye chuchu. Daktari amepima maziwa, ni safi. Jana nilijua, nikanyamaza."

Yule aliyepiga dumu teke hakujua pa kuiweka miguu yake. Mama alitangulia kuomba msamaha, kwa sauti ya kusikika, kama alivyolaumu kwa sauti ya kusikika. Muuza maziwa alikuwa anamtazama Pilipili.

"Nilikuuliza jana. Ukatazama chini."

"Nisamehe, baba."

"Nitakusamehe," muuza maziwa alisema, "lakini si leo. Leo bado nimekasirika."

"Una haki," mama alisema. "Nipe hilo shati." Akalipokea lile la jana, lililochanika, kutoka kwenye kapu la baiskeli, akaenda nalo nyumbani kulishona.

Bosi alitolewa dripu, akaanza kunywa, na kabla ya kuruhusiwa alikuwa ameshamvuta nesi kofia. Siku ya kuondoka Daktari aliichukua ile chupa akaitupa kwenye pipa. "Atumie kikombe na kijiko. Havina vichochoro vya vijidudu kujificha. Lakini navyo vinachemshwa." Akamwita Pilipili kwenye sufuria kubwa, mbele ya akina mama wote, akamwambia: "Nionyeshe."

Pilipili alivizamisha kikombe na kijiko, akasimama. Hakutikisika mpaka Daktari aliporidhika.

"Sasa sikiliza, na nyie akina mama sikilizeni," Daktari alisema. "Hasira ya mtoto huyu haikumuumiza mdogo wake. Kilichomuumiza ni kusema umefanya, na hukufanya. Na siku ile hasira ya mtaani kwenu ilimuumiza mtu asiye na kosa kwa sababu ya neno hilo hilo. Mimi nina hasira tangu ujana wangu, na sina mpango wa kuiacha. Lakini hasira ni moto wa jiko. Ukiuacha wazi, utaunguza nyumba. Uwekee sufuria juu yake, ufanye kazi. Ukichoka, sema umechoka, atafutwe wa kukupokea. Ila usiseme umechemsha na maji ni ya baridi. Uongo huo una kaburi."

Siku hiyo hiyo nyumbani wakakubaliana. Siku moja Pilipili, siku moja mama kabla ya kwenda kiwandani. Siku za mama, Pilipili aliwahi shuleni akaruka. Siku zake mwenyewe alichelewa, akazungusha kamba, akanuna, akaendelea kuzungusha.

Muuza maziwa alirudi kupita mlangoni kwao, amevaa shati lenye mshono mzuri begani. Alipima maziwa sawasawa, akafunga dumu, akaondoka. Hakukuwa na utani wala nyongeza. Ikawa hivyo siku nyingi, na Pilipili hakulalamika.

Asubuhi moja alisimama mlangoni na kipimo mkononi, hajamimina bado. Akauliza, bila kutabasamu: "Umechemsha?"

Pilipili alifungua mdomo, akaufunga. Akasogea pembeni, akafunua sufuria. Mvuke ulipanda, na kikombe na kijiko vilikuwa vinagongana chini ya maji yanayotokota.

Muuza maziwa alichungulia kwa muda. Akapima maziwa, akafunga dumu, akapiga hatua kuelekea kwenye baiskeli. Kisha akasimama kama mtu aliyesahau kitu, akalifungua tena dumu lake, akamwongezea.